Mume anaacha elfu 15 kwa siku, tuko sita, na ununuzi wa wiki unaishia Alhamisi: nifanyeje?

Swali la dada wa Mbagala nalifupisha. Nyumbani wako sita, yeye na mume, wifi yake na watoto watatu. Mume anaacha 15,000 kila asubuhi na yote inaishia dukani kwa Mangi na gengeni. Mwezi uliopita akaomba apewe laki moja kwa mpigo, akaenda Kariakoo Jumamosi akarudi na bajaji imejaa, ila kufika Alhamisi unga umeisha, mafuta yako chini kabisa, nyanya nusu zimeoza, ikabidi akope dukani na mume akarudi kwenye elfu 15 yake ya kila siku. Anauliza alikosea wapi, apange vipi, na je akichukua friji kwa mkopo itamsaidia?

Haya mdogo wangu. Mimi nimesomea sayansi kimu na miaka mingi kazi yangu ilikuwa stoo za shule za bweni, kwahiyo ntakujibu kama mtu wa stoo maana tatizo lako ni la stoo, sio la kujua kubana hela. Mtu anayelisha watu sita kwa elfu 15 Dar hii anajua kubana hela kuliko mimi.

Kwanza tuangalie hio laki. Elfu 15 mara siku 7 ni 105,000, kwahiyo mume hakukuzidishia kitu, alikupa hela ileile ila kwa pamoja. Ukatoa nauli ya bajaji kutoka Kariakoo mpaka Mbagala, hapo faida karibu yote ya bei ya jumla imeshaliwa barabarani kabla hujafika nyumbani. Alafu ukanunua kwa macho, "hizi nyanya zinatosha, huu unga unatosha", bila kujua nyumba yako inakula kiasi gani. Na ulipofika ukaweka vyote jikoni vikawa wazi kwa kila mtu. Shuleni ukimpa mpishi ufunguo wa stoo, mchele wa mwezi unaisha wiki ya tatu hata kama mpishi sio mwizi, ni mkono tu, mkono ukiona gunia limejaa unachota kwa raha. Jumapili na Jumatatu nyumbani kwako mlikula vizuri sana, si ndio? Hio ndio Alhamisi yenu.

Kwahiyo kabla hujanunua chochote, wiki moja pima tu. Usibadilishe kitu, endelea na elfu 15 yako, ila tafuta kikombe kimoja, kile cha plastiki cha kuchotea, upeleke dukani siku moja wakuwekee kwenye mzani ujue kikijaa unga ni gramu ngapi na kikijaa mchele ni ngapi. Alafu kila ukipika andika vikombe, hata nyuma ya daftari la mtoto. Mafuta yale ya kupima unayochukua ya buku kila siku, yamimine kwanza kwenye chupa tupu ya maji ya lita ili ujue kwa wiki umeingiza lita ngapi. Kwa uzoefu wangu mtu mzima anaenda na gramu 100 mpaka 120 za mchele mkavu kwa mlo, ugali karibu gramu 200 za unga kama ni mlaji, watoto weka nusu. Kwa nyumba yako hapo wali mmoja ni kama nusu kilo na ugali mmoja karibu kilo. Ila usichukue za kwangu, wifi yako anaweza kuwa anakula kama watu wawili, sijui, pima.

Sasa kuhusu kupanga, hapa ndio wengi mnapotea kwa kufuata zile ratiba za kwenye simu, eti list ya wiki, nenda supamaketi mara moja, funga biashara. Vyakula vyetu havina mwendo mmoja. Kuna vya mwezi, yaani unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni. Kuna vya wiki, nyanya, vitunguu, viazi, karoti, hoho, nazi, dagaa, ndimu. Na kuna vya siku, mchicha, matembele, kisamvu, hivi kununua Jumamosi vya kula Jumatano ni kutupa hela, muache mama wa genge ale riziki yake. Ukivichanganya vyote kwenye safari moja ya Jumamosi unanunua mchele kidogo mno na nyanya nyingi mno, na ndicho kilichokukuta.

Najua utaniambia dada, vya mwezi ntanunuaje na mimi napewa elfu 15 kwa siku? Hilo ndio swali lenyewe hasa, na hakuna anayelijibu. Mwenye mshahara ananunua kiroba, wewe mwenye hela ya siku unanunua nusu kilo, na nusu kilo siku zote iko juu kuliko kiroba. Sasa usijaribu kununua vyote kwa mara moja, anza na kitu kimoja, na mimi ningeanza na mafuta.

Nakupa mfano, bei ni za kupigia hesabu tu, weka za mtaani kwako. Tuseme mafuta ya buku kila siku, kwa wiki 7,000, na ile chupa yako imekuonyesha ni lita moja. Dumu la lita 5 tuseme 28,000, hapo lita ni 5,600, kwahiyo kila lita unampa muuza duka 1,400 ya bure kwa sababu tu huna 28,000 mkononi. Utaipata vipi? Bana 2,000 kwa siku kwa wiki mbili. Sio kwa kulala njaa, siku mbili za nyama zigeuze za dagaa au maharage, vitafunwa vya asubuhi badala ya mkate na chapati za kununua weka viazi vitamu, mihogo au uji, siku mbili tatu kwa wiki zinatosha. Siku 14 una 28,000, unanunua dumu. Sasa sikiliza hapa maana ndio penyewe: ile buku ya mafuta kuanzia siku hio haiendi tena dukani, lakini pia HAILIWI, inaingia kwenye kibubu pamoja na ile 2,000. Una 3,000 kwa siku. Wiki mbili zingine ni 42,000, unanunua kiroba cha unga kilo 25, tuseme 37,500. Nyumba yako inakula kama kilo 6 kwa wiki kwahiyo una mwezi mzima, na ile hela ya unga ya kila siku, kama 1,500, nayo inaingia kibubuni. Sasa ni 4,500 kwa siku. Wiki mbili tena unachukua mchele kilo 20 na chenji inabaki ya kuanzia kukusanyia dumu jingine la mafuta likikaribia kuisha. Ndani ya wiki sita unga, mchele na mafuta vimetoka kwenye ile elfu 15, alafu unaweza kuachia ile 2,000 watu wale nyama yao.

Wanaoanguka wote wanaanguka palepale, wiki ya tatu. Mafuta yapo ndani, mtu anaona elfu 15 imebaki na nafasi, anaongeza soda, anaongeza chipsi za watoto, dumu likiisha hana hela ya dumu jingine anarudi kwenye mafuta ya buku. Kwahiyo kibubu kiwe kibubu kweli, au weka kwenye simu laini ambayo hutumii kutoa toa. Na usiwaambie majirani kuna hela, unajua mwenyewe.

Kama una majirani wawili watatu mnaoaminiana chezeni mchezo wa unga. Badala ya kupokezana hela mnapokezana kiroba, au mnachanga mnanunua gunia moja mnagawana kwa mzani. Nimesema mzani, sio kwa sado wala kwa macho. Urafiki wa wanawake wengi umekufa kwenye kugawana mchele.

Vitu vya kuangalia kwenye hivyo vya mwezi. Sembe unaweza kukaa nayo mwezi ikiwa pakavu, dona usinunue nyingi, ina kile kiini cha mahindi chenye mafuta ndani yake kwahiyo inachacha haraka, wiki mbili mwisho. Kiroba usikiweke chini kwenye sakafu wala usikiegemeze ukutani, tafuta ubao au hata matofali mawili uweke juu yake, unyevunyevu wa Dar hautaki mchezo hasa masika. Unga au karanga zikinuka uvundo usijidanganye kwamba ukipika sana zitakuwa salama, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa kupika, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara na ilikuwa ni mahindi tu ya nyumbani. Karanga za bei ya kutupwa zilizosinyaa zenye weusi muachie muuzaji.

Mchele uliza ni wa lini. Mchele mpya ule wa mwezi wa sita wa saba unakuwa bei nzuri kwa sababu mavuno ndio yametoka, ila haujai sufuria, unanywa maji kidogo na unashikana, ule wa zamani kidogo unachambuka na unajaa. Kwahiyo mchele wa bei rahisi unaokulazimisha uongeze kikombe kizima kila ukipika sio rahisi. Ukitaka kuweka akiba ya nafaka za muda mrefu, mahindi au maharage, mwezi wa sita mpaka wa nane ndio wakati wake maana mavuno ya nyanda za juu kusini yanakuwa yanaingia, ukisubiri mwezi wa kwanza wa pili utalia. Na maharage ukiweka mengi tumia ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, wadudu wanakufa wenyewe bila dawa.

Sukari ndio kitu pekee nakwambia usijaze sana, kwa sababu ikiwepo nyingi chai inageuka kuwa juisi. Lakini weka akiba ya kilo mbili za dharura, si mnakumbuka mwanzoni mwa 2024, mvua ziliharibu kazi viwandani sukari ikaadimika na bei ikaruka, na kila ikikaribia Ramadhani inapanda na vingine vyote vya futari.

Haya, vikishaingia ndani, ufunguo. Hapa simaanishi ufungie watu chakula. Namaanisha ghala na jiko visiwe kitu kimoja. Kiroba kikae chumbani kwako. Kila Jumamosi chota unga wa wiki, vile vikombe ulivyopima, weka kwenye ndoo ya jikoni, mchele vilevile, mafuta lita moja kwenye chupa. Dumu lisikanyage jikoni kabisa, ukimimina mafuta kutoka kwenye dumu la lita 5 kwenda kikaangoni hata mimi nisingeweza kukadiria. Chupa ikifika nusu Jumanne kila mtu anaona, hata wifi anaona, hakuna haja ya kugombana, mnapika mchuzi wa nazi au mnachemsha mpaka Jumamosi. Wageni wakija chota cha wageni na andika pembeni "wageni" ili mwezi ujao usijiulize kimeenda wapi.

Sasa safari ya wiki. Mbagala kwenda Kariakoo kwa ajili ya nyanya na vitunguu hailipi, nenda hapohapo Rangi Tatu au ukitaka bei nzuri zaidi Temeke Stereo, daladala kwenda na kurudi na mfuko wako. Kariakoo nenda mara moja kwa mwezi kwa vile vikavu, na usiende peke yako, nauli ya bajaji mkigawana watatu ndio inaleta maana. Hesabu yake nyepesi, chukua unachookoa kwenye bei toa nauli zote, ikibaki chini ya elfu tano kaa nyumbani, na jua la Kariakoo lile.

Kuhusu sado. Sado ni kipimo cha ujazo, hakina uhusiano na mzani, na muuzaji anajua kupanga nyanya kubwa juu na hewa chini, na wengine wana sado zilizobonyezwa kitako. Kwenye nyanya hamna jinsi utanunua kwa sado, ila mwambie amimine kwenye mfuko wako mbele yako na wewe uangalie zinavyoanguka. Vikavu kama maharage na mchele dai kilo. Na mzani uangalie una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, ukiona stika ya zamani au hamna kabisa hamia meza ya pili bila kelele.

Nyanya zako zilioza kwa sababu ulichukua zote zimeiva. Chagua mchanganyiko, theluthi nyekundu kabisa za leo mpaka Jumatatu, theluthi zenye rangi ya chungwa, theluthi ngumu bado zina ukijani, usizioshe mpaka unapika, na zitandaze, usiziache kwenye mfuko wa plastiki zikatoa jasho. Zile zilizoiva sana za bei ya jioni wakati wanafunga meza ni nzuri tu, ila ziende sufuriani siku hiyohiyo, zichemshe zikauke na kitunguu na mafuta kidogo iwe rojo nzito, ukiichemsha tena kila siku inakufikisha siku mbili tatu hata bila friji. Vitunguu na viazi visikae kapu moja, vinaharibiana. Viazi giza. Vitunguu hewa. Nyanya zikipanda kama zinavyofanya masika, usishindane nazo, weka karoti nyingi na nyanya mbili za rangi, au pika vya nazi.

Maharage pika kilo nzima mara moja, loweka usiku maji uyamwage asubuhi, gesi inapungua sana kuliko kupika nusu kilo mara mbili. Ila usiunge yote! Chemsha, gawa mafungu mawili, unga la leo tu, la kesho libaki na chumvi basi ulichemshe lichemke kweli asubuhi na jioni. Ukishatia nazi hayalali.

Nyama nunua mara moja, kilo, ukatie vipande vidogo mwenyewe maana wa bucha anakata vya kuhesabika, chemsha yote kwa chumvi na tangawizi, mifupa iwe supu ya siku hio na nyama ukaushe kwa mafuta kidogo inafika kesho yake. Samaki mimi nawapenda wa soko la Feri lakini Feri ni kudamka na ni kununua kwa fungu kubwa kwenye mnada, bila wenzako wa kugawana na mtu wa kuwaparua palepale utarudi na ndoo ya samaki na jua la saa nne. Dagaa ni rahisi zaidi, wa Kigoma au wa Mwanza, ukifika nyumbani watoe vichwa, waanike tena jua la mchana mmoja, wanakaa wiki nyingi kwenye kopo. Dagaa wenye mchanga hata wakiwa rahisi acha, robo unayonunua ni mchanga.

Menyu usijisumbue na kitu cha kubandika ukutani. Andika tu ugali mara ngapi, wali mara ngapi, maharage lini, dagaa lini, siku moja ya makande au ndizi, na siku moja iache tupu kwa sababu Ijumaa lazima kitu kitatokea. Kabla hujaondoka Jumamosi fungua makopo yote uone kilichobaki ndio uandike list. Watu wananunua karoti na karoti zipo.

Mume. Usimwombe laki tena kwa sasa, alishaona Alhamisi. Endelea kupokea elfu 15 kimyakimya, jenga hizo wiki sita, alafu siku dumu, kiroba na mchele vipo ndani na yeye ameviona, mwonyeshe daftari. Muombe akupe ya siku tatu tatu kwanza, 45,000, sio ya wiki. Inawezekana na yeye anaipata kwa siku, kama ni wa bodaboda au fundi usimlazimishe kitu ambacho hana, mfumo wa kibubu unafanya kazi hata na hela ya siku, ndio maana nimekupa huo.

Na friji, hapana, sio sasa hivi. Hesabu rejesho la mwezi na umeme wa LUKU ulinganishe na kile kinachooza kwako kwa mwezi. Kwa maelezo yako kinachooza ni nyanya, na hizo tumeshazimaliza. Vinavyokula hela yako, yaani unga, mchele na mafuta, havikai kwenye friji. Ukishafika mahali kibubu kinabaki na chenji miezi mitatu mfululizo nunua kwa keshi, ikiwezekana iliyotumika kidogo, na ukiwa na friji ndio unaweza kuanza kununua samaki wa Feri wa wiki na kusaga nyanya za mwezi wa bei ya chini. Kwa sasa nunua ndoo mbili zenye mifuniko inayobana na kikombe kimoja, anza kupima Jumatatu.